Usinunue Guta Kwanza: Namna ya Kuanzisha Usafiri wa Pamoja wa Mizigo ya Magenge Arusha

Saa kumi na moja alfajiri, simama pale soko la Kilombero wanaposhushia nyanya. Utawaona akina mama wenye viroba na matenga, kila mmoja anapatana bei na boda wake. Huyu anakwenda Muriet, yule Kwa Mrombo, yule mwingine Muriet tena, mtaa uleule, pengine wameachana nyumba nne. Kila mmoja anakodi pikipiki yake na kulipa nauli yake, na tenga linafungwa kwa mpira uliokwisha kuchoka. Kifodi (daladala) cha kwanza kikipita, konda anautazama mzigo kabla ya kumtazama mwenye mzigo: "Mama, hilo gunia ni siti mbili."

Kazi ninayoieleza hapa ni kukusanya mizigo hiyo midogo na kuipeleka pamoja, kwa chombo kimoja, kila siku, kwa watu walewale. Niliianza na toroli la kukodi na daftari la shule. Leo nina maguta mawili (pikipiki za magurudumu matatu zenye bodi ya mizigo), moja langu, jingine bado nalilipia. Sijatajirika, tusidanganyane. Lakini hesabu zinakaa, na akina mama ninaowabebea wanafungua genge mapema kuliko zamani.

Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu rasmi pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo, kijana wa hapa mjini akipata pesa kidogo wazo la kwanza ni boda. Anainunua, anaiegesha kijiweni, na kijiwe kile tayari kina wenzake ishirini wanaomsubiri abiria mmoja ashuke kwenye Hiace. Chombo kimetangulia, shida ya kutatua inatafutwa baadaye. Sisi tutakwenda kinyume, na chombo utakinunua karibu na mwisho wa mwongozo huu.

Hatua ya kwanza: kaa sokoni siku sita na daftari

Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili asubuhi. Usiruke siku, kwa sababu Jumatatu na Jumamosi hazifanani hata kidogo. Chora safu tano: mzigo gani, unakwenda wapi, umebebwa na nini, umelipiwa kiasi gani, mwenye mzigo amesubiri muda gani. Usiandike majina. Andika "nyanya tenga 1, kabichi kiroba 1, Kwa Mrombo, boda", basi.

Namna ya kuuliza ndiyo yenye kazi. Watu wetu wana adabu. Ukimwambia mama, "Shikamoo mama, nikileta usafiri wa bei nafuu utautumia?" atakujibu, "Marahaba mwanangu, Mungu akubariki, lete tu." Ukiuleta humwoni. Muulize jana alilipa shilingi ngapi. Muulize mara ya mwisho nyanya zilipopondeka njiani ilikuwa lini na nani alibeba hasara. Muulize anafungua genge saa ngapi na angependa kufungua saa ngapi. Mtu akieleza alichokwisha kufanya hana sababu ya kukupamba.

Mimi daftari lilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani kilio chao ni bei. Kumbe kilichowauma zaidi ni muda. Mteja wa genge anayenunua mboga za mchana hupita asubuhi, na genge lisipokuwa na nyanya anakwenda la jirani. Mama mmoja wa Muriet aliniambia, "Boda namlipa ghali, sawa, lakini anayenimaliza ni yule anayeniambia nakuja sasa hivi." Tangu hapo nikajua ninachouza ni muda. Bei nafuu ni nyongeza.

Hatua ya pili: chagua ruti moja, na tazama mlima uko upande gani

Arusha imejengwa kwenye mteremko wa Mlima Meru. Kaskazini kuna Ilboru, Sekei na Sanawari, juu. Kusini ardhi inashuka kuelekea Muriet na Kwa Mrombo. Mwenye boda ya abiria halioni hilo kama jambo kubwa. Mwenye mzigo wa kilo mia kadhaa analiona kila siku kwenye mafuta, kwenye klachi na kwenye breki.

Ukipeleka mzigo kusini, unashuka ukiwa umejaa na kupanda ukiwa mwepesi. Mafuta yanapungua, ila breki ndiyo roho yako, hasa asubuhi yenye manyunyu. Ukipeleka mzigo kaskazini, injini inalia njia nzima, na guta lililopakiwa vibaya linanyanyua gurudumu la mbele mlimani kama punda aliyegoma. Kwa anayeanza nashauri kusini au maeneo ya tambarare, na umbali ambao chombo kitakwenda na kurudi kabla ya saa mbili na nusu.

Chagua ruti moja tu. Najua vishawishi: mama wa Moshono atakubembeleza, wa Olasiti atakuahidi wateja sita. Waandike pembeni. Ruti mbili kwa chombo kimoja maana yake kuna kundi litakalochelewa kila siku, na kundi linalochelewa linarudi kwa boda.

Hatua ya tatu: tafuta mama wa kwanza, ndipo wengine

Usianze kwa matangazo. Katika kila mtaa wa magenge kuna mama mmoja ambaye wenzake humsikiliza: mweka hazina wa VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), au aliyekaa pale tangu mtaa ukiwa mashamba. Nenda kwake jioni baada ya kazi, ukae, usalimie, ueleze taratibu. Usimwendee asubuhi anapopanga nyanya. Akikubali yeye, wengine watano watakuja bila wewe kutamka neno.

Kosa nililolifanya hapa ni kutaka kuwanunulia bidhaa. Niliona ni akili: wanipe oda kwa simu, ninunue, nilete. Hawakutaka, na walikuwa na haki. Mama genge huchagua nyanya kwa mkono. Anajua ya kuuza leo na ya kuuza keshokutwa, na ana mchuuzi wake anayemkopesha siku mbaya. Ukijiingiza katikati unakuwa dalali, na dalali haaminiwi. Beba mzigo tu.

Kilichofanya kazi ni zamu, na zamu waliibuni wenyewe. Wanawake wawili wanaoaminiana walianza kwenda sokoni kwa kupokezana. Leo huyu anachagua kwa wawili, kesho yule. Kwa kuwa mzigo haumtegemei tena mwenyewe kuushika kwenye pikipiki, wa zamu anarudi kwa kifodi mikono mitupu, na mwenzake amelala saa moja zaidi. Wewe kazi yako ni kutolivuruga hilo.

Mawasiliano yawe ya kawaida. Kundi la WhatsApp ni zuri kwa wenye simu janja, lakini nusu ya wateja wangu wa mwanzo walikuwa na viswaswadu. Ujumbe mfupi usiku kabla ya saa tatu: "Kesho kiroba 2 tenga 1." Asiyetuma hana nafasi hadi wote waliotuma wapakiwe. Sheria hiyo ilinunisha watu wiki ya kwanza.

Hatua ya nne: jaribu wiki mbili kwa chombo cha watu

Kodi. Kirikuu (pikapu ndogo) ya mtu kwa tripu, au guta la kijana ambaye hesabu, yaani pesa ya kumpelekea tajiri wake kila siku, humsumbua asubuhi. Kwa umbali mfupi hata toroli linatosha. Kutoka Kilombero hadi Ngarenaro au Unga Limited mtu mwenye nguvu anafika. Utalipa zaidi kuliko ukiwa na chako, na pengine hutapata faida hata shilingi. Hiyo ndiyo ada ya shule, tena ndogo kuliko kununua chombo na kugundua ruti haina mzigo.

Wiki hizo andika kila kitu: saa ya kuondoka, saa ya kumshushia wa kwanza, saa ya kumshushia wa mwisho, kilichopondeka, aliyetuma ujumbe na hakutokea, aliyetokea bila kutuma. Tazama hasa wiki ya pili. Wiki ya kwanza watu huja kwa sababu ni kitu kipya.

Hatua ya tano: mtafute mama wa nane

Bei zinabadilika kila mafuta yanapopanda, kwa hiyo namba zifuatazo ni za mfano tu, weka zako.

Tuseme una wateja kumi, kila mmoja analipa Sh 2,500 kwa mzigo wa kawaida. Mapato ya tripu ni Sh 25,000. Mafuta Sh 5,000, kuli wa sokoni Sh 3,000, dereva Sh 7,000 (hata kama dereva ni wewe, jilipe), na akiba ya matengenezo Sh 3,000. Jumla Sh 18,000. Umebaki na Sh 7,000.

Sasa wawili wasije. Unabaki na Sh 2,000. Watatu wasije, umeingia hasara ya Sh 500, na gari limekwenda na kurudi palepale. Katika hesabu hii wateja saba wanakulisha matatizo na wa nane ndiye anayeleta chakula. Mtafute wa nane wako kwa namba zako, kisha jiulize kwa uaminifu kama daftari la hatua ya kwanza linaonyesha watu wa kutosha kumzidi kila siku, Jumanne ya mvua ikiwemo.

Akiba ya matengenezo huwa inaliwa. Wengi wanaihesabu kama faida mpaka tairi lipasuke. Iweke kwenye laini nyingine ya simu, au ipeleke kwenye kikundi kila wiki ili usiione.

Hatua ya sita: usirudi mtupu

Hapa ndipo pesa ya chombo inapotoka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua ile Sh 7,000 ya mfano kwa siku 26 za kazi kwa mwezi: Sh 182,000. Kama guta linakugharimu, tuseme, Sh 6,000,000, utalilipa kwa miezi 33, bila ajali, bila ugonjwa, bila msiba. Mambo hayaendi hivyo. Lakini ukipata mzigo wa kurudi mjini unaokuachia Sh 6,000 kwa siku, mwezi unakupa Sh 338,000, na miezi 33 inakuwa takriban 18. Barabara umeshaipita na dereva umeshamlipa. Kilichoongezeka ni mafuta kidogo ya kupanda na uzito.

Kinachotoka pembezoni kwenda mjini asubuhi ni kingi kuliko unavyodhani. Matenga matupu ambayo wenye nyanya wanayataka. Kreti tupu za soda. Chuma chakavu na chupa za plastiki walizokusanya vijana, ambazo mwenye mizani, yaani mnunuzi, anazihitaji mjini. Kuku kwenye matundu. Viti vya kukodi vya sherehe vinavyorudi kwa mwenyewe, biashara nzuri Jumatatu. Mafundi seremala wa pembezoni wana stuli na vitanda vya kupeleka dukani, na kirikuu nzima kwao ni ghali.

Tahadhari mbili. Chuma chakavu kina mafuta machafu na ncha; ukishusha, osha bodi kabla ya kesho, kwa sababu mchicha unashika harufu. Pia chuma chakavu kinaweza kuwa cha wizi. Beba cha mwenye mizani unayemfahamu, na uandike umekichukua kwa nani. Mfuniko wa chemba au nguzo ya alama ya barabarani ukikutwa kwenye guta lako, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Baada ya saa nne una chombo na siku nzima mbele. Wengine hukipeleka kijiweni kusubiri wanaohama nyumba. Mimi nakipeleka kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Mabati matano au mifuko sita ya saruji haijazi gari, ila kwa guta ni tripu safi. Siku za mnada kama Tengeru mzigo ni mwingi, lakini ile ni barabara kuu ya Moshi yenye mabasi na malori, na guta haliwezi mwendo wao. Mimi siendi.

Hatua ya saba: sasa ndiyo ununue

Guta au kirikuu? Mizigo ya wateja kumi hadi kumi na tano kwa ruti fupi, guta la pikipiki linatosha, na linapita vichochoro ambavyo kirikuu inaishia mdomoni. Wakizidi hapo, au ruti ikiwa na mlima, kirikuu. Usinunue kubwa kwa ajili ya wateja wa ndotoni.

Mimi guta langu la kwanza nilinunua mkononi kwa mtu, bei ya kutupa, na nikafurahi usiku mmoja. Kadi ya usajili haikuwa na jina la aliyeniuzia. Alisema mwenyewe ni shemeji yake yuko safari. Shemeji hakurudi safari. Ilinichukua miezi kupata haki ya kuendesha kitu nilichokwisha kukilipia. Basi kabla hujatoa hata shilingi, fanya haya kwa mfuatano:

1. Dai kadi halisi, ulinganishe namba ya fremu na ya injini na zilizogongwa kwenye chuma. Zikiwa zimekwaruzwa, ondoka.
2. Hakiki umiliki TRA, na angalia kwa namba ya usajili kama kuna deni la faini za barabarani. Faini hufuata chombo.
3. Nenda na fundi wako, siyo fundi wa muuzaji. Kipakieni mzigo na mkipeleke mlimani. Chombo kitupu hakisemi ukweli.
4. Mkataba wa mauzo uandikwe mbele ya wakili, pesa ipite benki au kwenye simu, na uhamishaji wa umiliki uanze siku hiyohiyo.

Karatasi nyingine nazipitia haraka. TIN ya TRA hutozwi kuipata. Jina la biashara linasajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) kwa mtandao, ukiwa na namba ya NIDA. Leseni ya biashara ni ya halmashauri. Chombo cha biashara kinabeba namba nyeupe, siyo za njano. Leseni ya usafirishaji uliza ofisi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Nenda na kadi mkononi wakuambie aina ya chombo chako inahitaji nini. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, na stika yake ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima), maana stika bandia zipo. Fahamu pia kwamba bima hiyo haigusi nyanya za mama. Tutazizungumza hapo chini. Leseni ya dereva iwe ya daraja la chombo chenyewe, na avae kofia ngumu kwenye guta kama kwenye boda.

Mtaji. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Inapitia vikundi, na inataka subira na kumjua ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Kikundi chenye daftari la miezi mitatu ya mizigo halisi kina cha kumwonyesha. Wengi hupeleka andiko lililonakiliwa stationari. Njia ya pili ni mkataba: tajiri ananunua, unamlipa kwa siku hadi chombo kinakuwa chako. Si mbaya, ila piga hesabu ya jumla utakayolipa mpaka mwisho. Nimeona mikataba ambayo mtu analipia guta mbili na kupewa moja, tena lililochakaa.

Kama pesa ni ndogo kabisa, fikiria tela la kufungwa nyuma ya baiskeli. Hapa mjini hatuna shida ya mafundi. Bernard Kiwia, aliyeanza na ufundi baiskeli, aligeuza vipuri vya baiskeli kuwa chaja ya simu na vifaa vingine, na akawa miongoni mwa walioanzisha karakana ya Twende ambako watu wa kawaida hufundishwa kuunda vifaa vyao. Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa hapahapa Arusha na Mmarekani Jodie Wu, ilitoka na mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Wote walianza na chuma ambacho watu walikuwa nacho tayari. SIDO, TEMDO na CAMARTEC, mashirika ya serikali ya viwanda vidogo na ya kubuni mashine na zana, nao wapo Arusha. Ukiwa na mchoro wa bodi unayoitaka, nenda ukaulize.

Hatua ya nane: namna ya kupakia

Bodi ya guta inauzwa ikiwa wazi. Mwambie fundi aweke rafu moja ya mbao katikati ya kimo, inayotoka. Hiyo rafu imeniokolea pesa kuliko kitu kingine chochote. Chini viazi, kabichi, vitunguu na ndizi. Juu nyanya, maparachichi na mboga za majani. Mchicha na mnafu ufunikwe kwa gunia bichi, siyo turubai la plastiki. Plastiki jua likitoka inapika. Turubai liwe la mvua tu.

Uzito ukae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukirundika nyuma kabisa, usukani unakuwa mwepesi, na mteremkoni huna gurudumu la mbele la kutegemea. Pakia kinyume cha safari: wa kushushwa mwisho aingie kwanza.

Kila mteja mpe rangi. Mimi nilinunua mabaki ya vitenge kwa mafundi cherehani, nikakata vipande. Wa kitambaa chekundu mizigo yake yote inafungwa chekundu hukohuko sokoni. Kuli hahitaji kusoma wala kukumbuka majina, na viroba havigombaniwi. Kabla ya kuondoka piga picha moja ya mzigo wote kutoka nyuma. Ugomvi wa "kiroba changu kilikuwa kimejaa" unaishia hapo.

Fidia kubalianeni siku ya kwanza, iandikwe. Sheria yetu: kilichopondeka kwa sababu ya upakiaji au chombo kuanguka, nalipa bei ya kununulia. Kilichokuja kimeoza kutoka sokoni, hapana. Gunia la lumbesa (lililojazwa kupita mdomo) linalopasuka, hapana, na nalitoza kama magunia mawili. Hoja ya lumbesa ililetwa na wateja wenyewe, waliochoka kuona mmoja anajaza nafasi ya watatu kwa bei moja.

Halafu kuna mama atakayetaka kupanda juu ya mzigo. "Nitakaa hapa pembeni tu, baba." Kataa, kwa upole, kila siku, hata akiwa mama yako mdogo. Guta la mizigo halibebi abiria, na akianguka hakuna bima wala udugu utakaowaokoa.

Hatua ya tisa: dereva, makuli na vijana wa kijiweni

Usimpe dereva hesabu ya siku. Najua ndiyo desturi, tajiri anapokea chake, dereva anabaki na kinachozidi. Kwa abiria inawezekana. Kwa mizigo ya watu walewale kila siku, hesabu inamfundisha dereva kukimbiza na kubeba kupita kiasi, na akipata tripu nono ya kuhama nyumba saa kumi na mbili anakata ruti na mama zako wanasubiri. Mlipe kwa siku, halafu umwongezee kwa kila mzigo uliofika salama kabla ya saa moja na nusu. Na mkataze kumkabidhi deiwaka, yaani dereva wa kumshikia kwa muda, chombo bila kukupigia simu. Deiwaka hajui kitambaa chekundu ni cha nani.

Makuli wa sokoni wana utaratibu wao na viongozi wao. Usijaribu kuwaruka ili uokoe Sh 3,000. Chagua mmoja, mlipe vizuri, awe mpokeaji wako wa kudumu: anakusanya viroba vyenye vitambaa mahali pamoja kabla hujafika. Dakika ishirini za alfajiri ni zake.

Boda watakununia, maana umewachukulia tripu. Nenda kijiweni kwao kabla hawajakuja kwako. Guta linashusha mahali pamoja barabarani, na magenge ya ndani kabisa vichochoroni yanahitaji mtu wa kumalizia. Kazi hiyo wape wao, kwa bei mliyopatana, na dereva wako mchukue kutoka kijiwe hichohicho. Mmoja wa waliokuwa wakinitukana sasa ndiye anayeendesha guta la pili.

Mvua, na mwezi wa kumi na mbili

Masika, Machi hadi Mei, barabara za ndani za pembezoni zinakuwa tope la kuteleza. Tafuta mapema kituo cha kushushia kwenye lami au changarawe, na uwaambie wateja Februari, siyo siku mvua inaponyesha. Punguza mzigo, ongeza nusu saa. Bei usipandishe, hizo ndizo wiki ambazo boda wanapandisha, na wateja wanakumbuka.

Desemba ni kichekesho cha mji wetu. Kuanzia tarehe 20 hivi Wachaga wanapanda Moshi na Rombo, mitaa inapoa, na magenge yanaagiza nusu. Usishangae ukaona wateja sita. Mimi wiki hiyo nakipeleka chombo kwa fundi: breki, cheni, beringi, kuchomelea bodi. Jioni nabeba mabegi na magunia ya mchele ya wanaokwenda stendi. Ukitaka kazi hiyo, wapange wateja kabla ya tarehe 18, maana baada ya hapo kila mwenye tairi mbili mjini anaifanya.

Guta la pili? Nilisubiri mpaka nikawa nimekataa mizigo ya wateja wenye ujumbe, siku nne kwa wiki, kwa miezi miwili mfululizo. Waliokataliwa nilikuwa nawaandika ukurasa wa nyuma wa daftari, pamoja na mitaa yao. Ukurasa ulipojaa niliuhesabu, wengi walikuwa wa Olasiti, na nikarudi Kilombero saa kumi na moja alfajiri kukaa siku sita nyingine.